Hodi Chini ya Ngazi za Galeri

Siku walipotundika ule mchoro mkubwa kwenye nguzo ya soko letu la Kasongo, nilisimama mbele yake mpaka jua likanichoma kisogo, natafuta meza ya mama yangu. Sikuiona. Niliona jumba la ghorofa lenye vioo, gari jeupe ambalo hapa mjini hakuna mtu aliye nalo, na watu wembamba wasio na nyuso wakitembea na mifuko mikononi. Juu waliandika kwamba hiyo ndiyo galeri, soko la kisasa kama la miji mikubwa, na kwamba kila muuzaji atapata nafasi yake. Nikamuuliza fundi aliyekuwa akipima kiwanja kwa kamba, meza yetu itakuwa wapi. Akainua kalamu, akagusa dirisha moja la juu.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Dirishani?" akauliza. "Mie niuze dirishani kama ndege?"

Fundi akacheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Alirudi kwenye meza yake, akaanza kukunja upya vikwembe, vitenge vyake vya kuuza, ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Nilijua anawaza nini, na nilijua pia kwamba hatanitajia, kwa hiyo nami nikajifanya nahesabu doti.

Ngoja nieleze. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nilirudi kwake ndoa yangu ilipovunjika, na tangu hapo tunauza vikwembe pamoja. Nina mdogo wangu mmoja wa kike. Huyo alimfuata mchimbaji wa Lusangi, mtu wa kanisa, mtoto wa wakulima, wakati mama alikwisha kumpa neno mfanyabiashara wa hapa mjini, mtu wa ukoo kama wetu. Mama alikasirika kama sijawahi kumuona. Akasema, mbele yangu na mbele ya shangazi yetu, "Wallahi, muguu wako usikanyage tena nyumba yangu." Mdogo wangu akaondoka na nguo alizovaa. Baadaye yule mume aliacha mashimo ya dhahabu, wakahamia Wamaza kulima mpunga.

Lakini mama aliapa juu ya nyumba. Juu ya soko hakusema kitu. Mdogo wangu alikuwa na akili tangu utotoni, akaliona tundu hilo mapema. Baada ya mwaka mmoja akatokea siku ya soko kubwa na gunia la mchele, akaketi juu ya sanduku lililopinduliwa kando ya meza ya mama, akauliza bei ya sabuni. Mama akamjibu bei ya sabuni. Ndivyo walivyorudi kuzungumza. Mara moja kwa mwezi alikuja, akakaa tangu asubuhi mpaka wenye pikipiki walipoanza kuita watu wa njia ya Kabambare. Hawakutaja yaliyopita. Walizungumza mvua, panya wanaokula mpunga, na ubovu wa barabara. Kabla hajainuka kwenda, mama alimtupia kikwembe mapajani kama mtu anayetupa kitambaa cha kufutia meza. Hayo yaliendelea miaka sita. Soko halina mlango, na hakuna anayeweza kusema soko ni kwake, basi kiapo kilibaki nyumbani na wao wakakutana nje yake.

Sasa soko lilitaka kuwekewa mlango.

Nakiri kwamba mimi niliitaka galeri. Nilichoka kufunika vikwembe kwa turubai kila wingu likikohoa. Nilichoka kwenda haja nyuma ya machinjio, mwenzangu akinishikia kitambaa. Waliposema kutakuwa na vyoo, mabomba, msala wa kuswalia, jenereta, sehemu ya kuegesha pikipiki, na vigae vya karo sakafuni, mimi ndiye niliyekimbia kuandikisha jina la mama kabla wino haujakauka. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Mulango utakuwa wazi ao utafungwa?" Nikamwambia utafungwa, ndiyo uzuri wake. Siku hiyo sikufikiri. Ningefikiri, labda ningenyamaza, ama labda ningeandikisha vilevile. Sijui hata leo.

Ikapigwa kura ya kugawa maduka. Mama akachota karatasi yenye namba ya ghorofa ya juu, duka la kwanza ukimaliza kupanda ngazi. Watu walimpongeza. Wengine walimpa pole. Nilitazama nyuso zao nisijue nishike lipi.

Galeri ilipofunguliwa, wiki nzima nilipotea ndani yake, mimi mtoto wa Kasongo niliyezaliwa mita mia mbili kutoka hapo. Ngazi zinapanda, zinapumzika, zinageuka, kisha zinapanda tena, na ukifika juu huna habari tena mto uko upande gani. Siku ya kwanza nilielekezwa kulia, nikatokea chooni. Kutoka chooni nikashika njia nyingine, nikatokea kwenye msala wa kuswalia. Ufunguo wa choo unatunzwa na sentineli, mlinzi wa pale mlangoni, umefungwa kwenye ubao mkubwa kama mwiko wa ugali ili mtu asiusahau akaenda nao kwake. Kwa hiyo ukitaka kwenda haja unashuka, unaomba, unapanda, unashuka kurudisha. Mabomba yalitoa maji siku ya sherehe na siku mbili zilizofuata. Sasa tunajaza mapipa. Hata hivyo nilipenda. Karo zilikuwa za baridi chini ya nyayo, maana wengi wetu tulivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sakafu inayong'aa hivyo sisi tuliizoea msikitini tu.

Msimamizi alikuwa bwana mmoja aliyekaa Lubumbashi miaka mingi. Alitukusanya kwenye ukumbi wa chini, akatusomea kanuni. Kupika, marufuku. Kutandika mkeka kwenye kijia, marufuku. Kuita wateja kwa sauti kutoka juu, marufuku, kwa sababu hiyo ni tabia ya soko la zamani. Alipomaliza, mama akainua mkono. Nikaona aibu kabla hajafungua kinywa.

"Samahani, baba, mie nauliza tu. Hii ni nyumba ao ni soko?"

"Mama, hii ni galeri."

"Nimesikia. Lakini mutu akiingia humu, ameingia mu nyumba ya mutu ao ameingia mu soko?"

Bwana yule akatazama karatasi yake kana kwamba jibu limo. "Ameingia mu galeri, mama."

"Na kule juu, mu duka langu, ni kwangu ao ni kwa watu wote?"

"Ni kwako, mama. Ufunguo si unao?"

Watu wakapiga makofi, wakidhani mama anajisifia duka. Mama aliketi. Niliona vidole vyake vinauchezea ule ufunguo mpya, anauzungusha, anauzungusha, na nikajua kuna jambo limeharibika ambalo makofi hayatalitengeneza.

Mwezi wa kwanza mdogo wangu hakuja. Nikasema mvua. Mwezi wa pili hakuja. Nikasema mavuno. Siku ya soko kubwa mama hakwenda kwenye msala kuswali adhuhuri. Aliswali palepale dukani, uso kibla, kiti kikiwa wazi kando yake. Na wateja nao hawakuonekana. Chini kulijaa watu kama siku ya Idi, juu tulikuwa tunatazamana, muuza ndoo, muuza redio, muuza mikeka na sisi. Tulianza kutafuta mchawi. Mmoja alisema ni bei. Mwingine alisema ni ngazi, watu wanaogopa kuanguka. Mimi nilisema ni kijicho cha watu wa chini, na kwa siku kadhaa niliwanunia bila sababu.

Nikamfuata msimamizi. Akasema hata yeye amechanganyikiwa. Kule Lubumbashi watu hupanda tu, hakuna anayewafundisha.

Aliyenifumbua macho ni sentineli. Nilishuka siku moja kurudisha ubao wa choo, nikamkuta anacheka peke yake.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "watu wa njia ya Kabambare wana adabu sana. Wanakuja, wanavua viatu, wanasimama hapa chini ya ngazi. Wanapiga hodi. Mara tatu. Wanangoja. Kiisha wanarudia kwao."

"Na wewe hauwaambie wapande?"

"Nawaambia. Wananiuliza, mwenye nyumba amejibu? Nawaambia hapana, hakuna mwenye nyumba. Wanasema, mutu hawezi kupanda mu nyumba isiyokuwa na mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe unageuka bila kinyongo, mwenyeji ana sababu zake, labda ana mgonjwa, labda hana chakula cha kukupa. Kupiga ya nne ni utovu wa adabu, hata mtoto mdogo anachapwa kwa hilo. Sokoni hakuna mtu anayepiga hodi. Lakini mwonyeshe mkulima wa Wamaza mlango, ngazi na karo, kisha umwambie hapa ni sokoni. Atakuona unamdhihaki. Na sisi huko juu tulikatazwa kuita, basi nani angemjibu "karibu"? Nilicheka tena. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

"Hao wanaopiga hodi," nikamuuliza, "kuna mwanamuke mwenye alama ya kuungua kwenye mukono wa kushoto?"

Akafikiri. "Yule wa gunia la mchele? Iko. Amekuja mara mbili. Yeye anapiga pole pole, kama anaogopa kuamusha mutu. Wengine wakikosa jibu wanarudia mbio. Yeye anangoja sana. Nilimuambia apande, akasema, mwenyewe hajanikaribisha."

Sijui nilipandaje zile ngazi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa. Nimkasirikie msimamizi na kanuni zake? Nimkasirikie mdogo wangu, ambaye anajua duka la nani liko pale juu na angeweza kupanda hatua ishirini? Au nijikasirikie mimi, niliyepoteza saa nyingi siku zile mbili kwa mafundi cherehani nikigawa vikwembe na kupiga domo? Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia huku nahema: mdogo wangu alikuja, mara mbili, akasimama chini, akapiga hodi, hakuna aliyesikia.

"Nilisikia," mama akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kumweleza upya. Akanikatiza.

"Duka langu ni la kwanza juu ya ngazi. Nyie munasikiliza redio za jirani, mie nasikia hodi zote. Sauti yake naijua tangu haijakuwa na meno."

"Mama. Ulisikia, na ukanyamaza?"

"Kanuni inakataza kuita."

Hapo nilipaza sauti, mbele ya muuza ndoo. Nikamuuliza tangu lini yeye anafuata kanuni, yeye aliyegombana na wakuu watatu wa soko. Nikamuuliza na wale wateja wengine wote, wa kwetu na wa wenzetu, je, hao nao aliwasikia? Akasema aliwasikia. Mwezi mzima na zaidi aliwasikia wakija na kurudi, akatutazama tukitafuta mchawi, akanyamaza.

"Ningewakaribisha wote, kiisha nimunyamazie yeye peke yake?" akasema, bila kuinua macho. "Nikaona afazali ninyamazie wote."

Niliketi kwenye kile kiti kilichokuwa wazi. Nimeishi na mama yangu karibu miaka yangu yote, nami nilidhani namjua. Nikamkumbusha kwamba kiapo kina kafara. Unalisha maskini kumi, ama unawavisha. Yeye ni muuza nguo. Angeweza kuwavisha maskini kumi kabla ya adhuhuri ya siku yoyote katika miaka ile yote.

"Najua kafara," akasema. "Si kafara inanishinda."

"Inakushinda nini?"

Alikunja doti moja, akaifungua, akaikunja tena. "Nilikuwa nangoja apande. Kule sokoni nani alikuwa anamuita? Alikuwa anakuja tu, anakaa. Nikasema, na huku atapanda tu, atakaa. Alipopiga hodi nikashituka. Hodi ni ya mugeni."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja chini anangoja kukaribishwa, mwingine juu anangoja mtu apande bila kukaribishwa, ngazi katikati yao, na mimi nimetembea huku na huku na ubao wa choo mkononi.

Siku ya soko kubwa iliyofuata niliketi chini ya ngazi tangu alfajiri. Nilikwisha kupanga: nikimwona nitamshika mkono nimburute juu, nitamkalisha, na kama ni dhambi basi iandikwe kwangu. Waliokuja wakapiga hodi, niliwajibu "karibuni, pandeni" kwa sauti yangu yote, na juu siku hiyo kukachangamka. Sentineli hakunikataza. Lakini saa sita ikapita, saa tisa ikapita. Alikuja motari mmoja, mwendesha pikipiki wa njia ya Wamaza, matope mpaka magotini, akashusha gunia la mchele kutoka kiti cha nyuma.

"Ni ya mama wa vikwembe, wa juu," akasema. "Mutoto wake anasema mama ale, ni mchele wa mavuno mapya. Anasema yeye amekwisha kupata jibu. Hatasumbua tena."

Nilimwomba arudie. Akarudia maneno yaleyale, kwa kuwa alikuwa ameambiwa ayashike vizuri. Nikalibeba gunia mpaka juu, nikayatoa maneno vilevile, sikuongeza chumvi wala kupunguza. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Gunia likakaa kando ya mlango wa duka siku tatu halijafunguliwa. Nyumbani tulikula ugali.

Ijumaa, baada ya swala, akaniambia nimtafutie pikipiki mbili za Wamaza kwa asubuhi ya kesho. Mama yangu hakuwa amepanda pikipiki maishani mwake. Nikamwambia magoti yake hayatavumilia, niache niende mimi nimfikishie neno.

"Hapana. Neno lile lilitoka mu kinywa changu, halikutoka mu chako."

Akamuuliza motari kama akae upande au atawanye miguu. Akakaa upande, akashika shati la yule mtu kwa mikono miwili, na njia nzima nilisikia anasoma dua, pikipiki yake ikiwa mbele na yangu nyuma. Tulivuka miti iliyolazwa juu ya vijito. Mara mbili tulishuka tukatembea kwenye matope, kanga yake nzuri ikawa rangi ya udongo. Mimi nyuma nilijaribu kupanga mambo kichwani. Bila galeri wangeendelea kuulizana bei ya sabuni mpaka mmoja wao afe, na labda hiyo ilikuwa amani. Pamoja na galeri wamekosana mara ya pili, na hii mbaya kuliko ya kwanza. Halafu nikimtazama mgongo wake mbele yangu, nasema, bila galeri asingekuwa kwenye hii pikipiki. Nilipofika hapo nilikuwa nachanganyikiwa upya na kuanza tena mwanzo.

Tulifika baada ya alasiri. Nyumba ya matofali mabichi, paa la nyasi, moshi unapenya juu, mlango wa mbao umefungwa. Jirani alituambia mwenyewe yumo, ametuona tangu pale kwenye mwembe wa shule. Mama akaniambia nibaki nyuma. Akajipangusa matope, akajitanda kanga vizuri, akasogea.

"Hodi."

Ndani kulikuwa na mlio wa mtu anapepeta mchele. Ukaacha.

"Hodi hapa."

Mlango haukufunguka. Mama akasogea hatua moja, kandambili zikagusa kizingiti.

"Hodi, wenyewe."

Hakuna aliyejibu. Sikuelewa kama mdogo wangu anamlipa, au anaogopa, au naye hawezi kufungua kinywa kama mama alivyoshindwa. Nilimsogelea mama, nikamshika kiwiko. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, zimetimia tatu. Twende tukakae kwa jirani."

Akakitoa kiwiko chake mkononi mwangu. Mwanamke huyu alinichapa mimi nikiwa na miaka minane kwa kosa hilihili, kwa jirani, mbele ya watoto wenzangu. Akaweka mkono kwenye ubao wa mlango, akapiga ya nne.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka ndani, nzito, imeziba puani.

"Ni nani huyo anapiga hodi ya ine?"

"Ni mie," mama akasema. "Mama yako asiyekuwa na adabu."

Ungo ukaanguka. Mchele ukamwagika sakafuni, tuliusikia, na gogo lililozuia mlango likaanza kuvutwa.